Hakuna Athari

Tarehe 4 Februari

Shangazi,

Shikamoo, na shikamoo ya pili kwa cherehani yako, maana isiposalimiwa unanuna wewe. Mimi mzima. Lile jino limeng'olewa, na aliyeling'oa alinipa nibaki nalo kama cheti. Chumba nilichopanga kina dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, lakini ukuta wenyewe ni msafi, sina la kulalamika. Mama ameniambia Baba ameanza tena kuficha vidonge vyake vya presha kwenye chungu cha maua. Mwangalie, wewe ndiye dada yake, mimi hanisikii.

Nina habari. Nimepewa dawati. Usicheke. Serikalini mtu hapewi kazi, hupewa dawati, kazi utaitafuta ukishakaa. Langu linaitwa Dawati la Tathmini ya Athari kwa Afya. Liko Wizara ya Afya, chumba 14B, ghorofa ya chini, ambamo zamani walihifadhi mifagio. Miwili bado imo. Kila asubuhi mfagizi anabisha hodi kwa adabu, anachukua mmoja, anauliza, "Tathmini inaendeleaje?" Jengo zima ni yeye tu anayeuliza.

Kazi yenyewe ni hii: kabla wizara yoyote haijajenga barabara, haijahamisha soko, haijatunga sheria, ijiulize jambo hilo litawafanya nini watu miilini mwao. Watapumua nini? Watatembea au watakaa? Watalala? Mkurugenzi wangu, tunayemwita Bwana Mchakato kwa kuwa hata chai kwake ni mchakato, anasema hatuna kisingizio. Nchi yenyewe ndogo, mtu akipiga chafya mpaka huu, wa mpaka wa pili anamwitikia "Afya!"

Mwezi wa saba Baraza la Mawaziri litaamua: ama tathmini iwe sheria, ama chumba kirudi kwa mifagio. Niombee.

Wako,
Kidole

*

Tarehe 27 Februari

Kidole mwanangu,

Marahaba. Cherehani nayo imeitikia, kwa kukata uzi. Kaka yangu nimemkuta na chungu chake cha maua. Ua limekufa, presha yake iko palepale. Mama yako, wifi yangu, hajambo, ila tumegombana kuhusu urefu wa sketi yake na mimi ndiye niliye sahihi. Na usiniulize tena kwa nini sipigi simu. Maneno ya simu hayana pindo. Ukiyavuta kidogo yanafumuka, na kesho kila mtu anakana alichosema.

Habari za dawati lako nilishazipata, kwenye mkono wa kushoto wa gauni la mke wa fundi bomba. Unajua vipimo vyangu vyote nakata kwenye magazeti ya zamani, na sikati kabla sijasoma. Hivyo ndivyo nilivyoelimika: kwa kuchelewa wiki kadhaa, na kwa vipande. Nusu ya hotuba ya waziri wenu iliishia kwapani, na sidhani kama nimekosa kitu.

Wazo ni zuri, na nasema hivi mimi ambaye serikali ikisema kumekucha huchungulia dirishani kwanza. Miaka yote hii wizara yenu imedhani afya inakaa kwenye chupa ya dawa. Kwani watu huugulia hospitalini? Watu huugulia majumbani na makazini. Hospitali wanakwenda kulalamika tu.

Lakini nani amewapa neno hilo? "Athari"! Wasomi mnasema athari ni matokeo yoyote, mazuri na mabaya. Sawa. Sasa toka nje ya 14B, simama barabarani, usikie. Umewahi kumsikia mtu anasema, "Jirani, juzi nimepata athari nzuri"? Athari ni mafuriko. Athari ni bomba limepasuka. Ukimwuliza waziri mradi wake una athari gani, ni sawa na kumwuliza mtu binti yake kaiba nini. Atakujibu nini, zaidi ya "hakuna"?

Sasa jambo lililonikalisha kitini. Uwanja ulio kati ya duka langu na shule ya msingi umevamiwa na vijana wenye kamba na vigingi. Nikawauliza mnapima nini. Stendi ya malori, wakasema. Malori arobaini. Nikauliza, "Na sisi mmetupima?" Mmoja akajibu, "Mama, sisi tunapima ardhi tu."

Nakuuliza wewe mwenye dawati: fomu yako imefika huku?

Shangazi yako

*

Tarehe 20 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako ilitumia siku kumi na mbili, na bahasha ilikuwa na pini ndani. Nimechomwa kidole kilekile kilichonipa jina, kile ambacho sindano yako ilikitoboa utotoni. Nashukuru kwa kumbukumbu. Binamu yangu wa upande wa mama amejifungua pacha, nadhani umesikia, nchi nzima imesikia, wana mapafu mazuri.

Ulisema kweli kuhusu lile neno, na ninachukia unaposema kweli mapema. Fomu yetu kipengele cha tatu kinauliza: "Je, mradi una athari kwa afya? Zitaje. Kama hazipo, andika HAKUNA." Tuliituma wizara zote. Zote zimejibu kwa wakati, muujiza wa kwanza. Majibu haya hapa.

Kilimo, kuhusu dawa mpya ya kunyunyizia mashamba: "Hakuna, isipokuwa kwa wadudu."

Magereza, kuhusu kupunguza madirisha: "Hakuna. Waliomo hawajaondoka."

Elimu, kuhusu kuufanya uwanja wa michezo kuwa ofisi: "Hakuna. Badala yake watoto hawataumia tena magoti."

Fedha, kuhusu kushusha ushuru wa sigara: "Hakuna. Na ikitokea, ni ya wizara yenu."

Bwana Mchakato amefurahi mno. Anasema asilimia mia ya wizara zimeshiriki na asilimia mia ya miradi ni salama, kwa hiyo tathmini inafanya kazi. Nilimwambia hakuna tulichotathmini. Akaniambia, "Binti, usichanganye mchakato na matokeo." Mfagizi alikuwa mlangoni, akatikisa kichwa na mfagio kwa pamoja.

Kuhusu stendi ya malori, suala hilo liko kwenye mchakato.

Mwambie Baba anywe vidonge. Na mlete kiti chake karibu na dirisha, mgongo unamsumbua.

Wako,
Kidole

*

Tarehe 2 Mei

Kidole,

Marahaba. Pacha nimewashonea, mmoja kola ya mviringo na mwingine ya ncha, ili mama yao ajue kamkaripia nani. Baba yako kakubali vidonge, kwa sharti kwamba mimi niache kusoma gazeti kwa sauti. Tumekubaliana, na wote tunadanganya.

Umeniandikia "liko kwenye mchakato." Mwanangu, mimi nilikufundisha kusema uongo vizuri kuliko hivyo. Ulipokuwa na miaka sita ulivunja sindano tatu, ukasema zimeolewa. Ule ulikuwa uongo mtu anaukumbuka hata uzeeni.

Stendi imefunguliwa wiki tatu zilizopita. Palikuwa na utepe, akaukata mtu wa Wizara ya Ujenzi, tena kwa mkasi butu. Niliona haya kwa niaba yake. Toka siku hiyo malori yanaingia saa moja asubuhi, wakati watoto wanavuka kwenda shule, na yanaachwa yakinguruma, maana madereva wanasema kuzima na kuwasha ni kusumbua injini. Injini isisumbuliwe! Vumbi linapanda, moshi unashuka, vinakutana kichwani mwangu.

Unajua mimi ni fundi wa mashati ya shule. Shati jeupe nalitundika mlangoni saa mbili, likifika saa saba ni la kijivu, na mteja ananiambia, "Shangazi, mimi niliagiza jeupe." Mashati ndiyo yanayokohoa, mwanangu. Mimi niko imara kama meza ya kukatia.

Kwa kuwa nyinyi hamwamini kitu kisichokuwa na karatasi, nimeanza kazi yangu. Kila asubuhi nabana mlangoni kitambaa cheupe, ukubwa wa kiganja. Saa saba nakitoa. Tarehe naishona kwa uzi mwekundu, ili asitokee mtu wa kusema imeandikwa jana. Cha kwanza kimo humu. Usikifue.

Nimepata pia kipimo kipya cha kola kwenye gazeti la mwezi wa nne. Kizuri, kimenyooka. Nitakueleza siku nyingine.

Shangazi yako

(Kidole, ni mimi Baba. Mimi ndiye ninayepeleka barua posta, na gundi ya bahasha zake ni mbovu. Usimwamini. Anakohoa mpaka cherehani inasimama. Haendi hospitali, anasema ni uzi kwenye koo.)

*

Tarehe 21 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Siku hizi wote wazima huku, jino jingine halijaanza.

Unakohoa? Nijibu ndiyo au hapana, usinijibu kwa methali.

Kitambaa nimekipokea. Nilikiweka mezani, Bwana Mchakato akakitumia kufutia miwani, akaona giza. Nimemwomba turudie fomu. Ananiambia tukibadilisha fomu sasa, itaonekana ya kwanza ilikuwa na kasoro, na Baraza linakutana Julai kumi na tano. "Tuna faili moja la mfano lililokamilika," anasema. "Tusilichokonoe."

Nenda hospitali, Shangazi. Tafadhali.

Wako,
Kidole

*

Tarehe 9 Juni

We Kidole,

Marahaba, ingawa hukustahili. Nani kakwambia nakohoa? Nimemtazama baba yako usoni, akaanza kusifia hali ya hewa. Mtu aliyewahi kuilaani mvua kwa jina leo anasifia hali ya hewa! Nimenunua gundi mpya.

Sikohoi. Nasafisha koo. Mtu anayebishana sana lazima asafishe koo, kama mwashi anavyoosha mwiko.

Humu mna vitambaa vingine thelathini na tatu. Jumapili hazimo, malori hayaji, na mimi pia nina haki ya kupumzika. Vipange kimoja ubavuni mwa kingine, vyote vya rangi moja ya huzuni. Halafu tafuta kile cha tarehe ishirini na nne Mei. Utakiona cheupe. Siku hiyo madereva walikuwa kwenye mkutano, hakuna lori lililowashwa. Sijasomea tathmini, lakini hata mbuzi angeelewa.

Sasa nisikilize, maana hili ndilo fundi yeyote anajua na mkurugenzi wako hajui. Mteja akija, simwulizi, "Je, nguo hii itakuwa na tatizo?" Atasema haina, anaharakisha. Namwuliza, "Ni ya nani? Atakaa nayo au atasimama? Atainua mikono? Atanyonyesha?" Nguo haipimwi, mwanangu. Anapimwa mtu. Wale vijana wa vigingi walipima ardhi, nyinyi mnapima miradi, na mtu mwenyewe mmemwacha mlangoni na kitambaa chake. Futa neno lenu. Uliza ni nani. Mwenye mradi aandike jina la mtu kwa mkono wake, aone kama "hakuna" itamtoka.

Na hilo faili lenu la mfano lililokamilika, ni la mradi gani? Nauliza tu.

Shangazi yako

*

Tarehe 18 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Leo nitaruka habari za pacha na za mgongo wa Baba, samahani.

Faili la mfano ni stendi yako.

Barua yako ya kwanza kuhusu vigingi ilinifikia Machi kumi na moja. Machi kumi na mbili Bwana Mchakato aliingia 14B na fomu ya Wizara ya Ujenzi. Kipengele cha tatu: HAKUNA. Alisema Katibu Mkuu anataka faili moja lililofika mwisho, aone njia inapitika, na bila faili hilo hatutafika hata kwenye ajenda. Nilimwambia pale anaishi shangazi yangu. Akasema, "Vizuri, basi unapafahamu." Nikatia sahihi. Nilijiambia sheria ikipita nitarudi kulirekebisha. Barua yako ilikuwa kwenye droo, na pini yako ilikuwa bado inauma. Ndiyo maana nilikuandikia "mchakato." Sikuwa na uongo mzuri.

Sasa nikueleze ya tarehe kumi na tano.

Walituita Barazani saa nne asubuhi. Meza ile ni ndefu, unaweza kukatia mashuka. Bwana Mchakato akasoma asilimia mia zake. Nikaomba nionyeshe kitu. Kabla hajanikonyeza nilishaanza kupanga vitambaa, kutoka kiti cha Fedha mpaka kiti cha Ujenzi.

Waziri wa Ujenzi ni mtu mkubwa mwenye sauti ya greda. "Hizi nini? Mmetuletea madoa?"

"Ni siku, Mheshimiwa. Kila kitambaa ni asubuhi moja mbele ya stendi ya malori."

"Stendi ile ina cheti chenu! Hakuna athari! Nimeisoma mwenyewe. Nani alitia sahihi?"

Bwana Mchakato alikuwa anatafuta kitu chini ya meza, na sidhani kama kilikuwepo.

"Mimi," nikasema.

"Basi ulituongopea wakati ule, au unatuongopea sasa?"

"Wakati ule, Mheshimiwa."

Shangazi, hakuna aliyejiandaa kwa jibu hilo. Waziri wa Fedha alicheka mpaka akakohoa. Waziri wa Elimu, mama mmoja mkimya, akanyanyua kile cheupe cha Mei ishirini na nne. "Na hiki?"

"Siku hiyo malori hayakuwashwa."

Akakiangalia, akaangalia kilicho jirani yake. "Hiki ni kitambaa cha shati la shule?"

"Ndiyo. Shule iko upande wa pili wa stendi."

Waziri wa Ujenzi akapitisha kidole juu ya kimoja, kisha bila kufikiri akafuta kidole kwenye mkono wa shati lake. Jeupe. Wote tukaliona lile doa, na yeye akaliona. Akasema, "Mke wangu ataniua." Na hayo, Shangazi, ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza ya wizara yake kukiri athari yoyote.

Sheria imepita. Fomu imebadilishwa palepale, na kipengele cha tatu kipya nilikisema kwa kinywa chako: "Taja kwa majina watu watano walio karibu zaidi na mradi. Kwa kila mmoja andika atapumua nini, atapita wapi, atalala vipi. Jibu HAKUNA halipokelewi, kwa sababu watu wapo." Mradi wa kwanza kupimwa upya ni stendi yako.

Mimi nimepewa barua ya kujieleza kwa nini nilithibitisha nisichokipima. Siku kumi na nne. Nikishindwa, 14B itapata mtu mwingine. Nimeandika rasimu nne na zote zinasema "mchakato." Sijui nianzeje. Sijui hata nianzeje kwako.

Nisamehe. Na nijibu lile swali la Mei.

Kidole

*

Tarehe 29 Julai

Kidole mwanangu,

Marahaba. Nimelipa nauli ya barua ya haraka ili ikukute kabla ya siku zako kumi na nne. Pacha wanaota meno. Baba yako mgongo umetulia toka alipoacha kuinama kusoma barua za watu.

Fungua karatasi iliyokunjwa humu ndani. Ni kola, ile niliyokwambia ni nzuri na imenyooka. Ni gazeti la mwezi wa nne, ukurasa wa matangazo ya serikali, ambapo Wizara ya Ujenzi ilichapisha kile cheti kwa mbwembwe. Tazama kwenye ncha ya kulia. Hiyo ni sahihi yako. Mtu mwingine asingeijua, lakini mimi ndiye niliyekufundisha kuandika kwa chaki ya kukatia, na ni wewe peke yako nchi hii unayemaliza jina kwa fundo, kama mtu anayefunga uzi usifumuke.

Nilisoma, nikakaa. Cherehani ilisimama nusu saa. Kisha nikachukua mkasi nikakata kola. Toka mwezi wa nne, kila shati la darasa la pili linalotoka dukani kwangu limekatwa juu ya jina lako. Watoto sitini wamekuvaa shingoni.

Kwa nini sikusema? Kwa sababu ningekusemesha mimi, ungeomba radhi tu. Nilitaka ufumue mwenyewe. Mshono ulioufumua mwenyewe hukosei tena. Hasira nilikuwa nazo, usidhani. Ndizo zilizobana vile vitambaa kila asubuhi.

Barua yako ya kujieleza iandike hivi: "Niliulizwa kuhusu mradi, nikasahau mtu. Nimekumbuka." Usiongeze. Wakitaka zaidi, wape kola.

Wiki iliyopita afisa kijana alikuja na fomu mpya. Msichana, viatu vimejaa vumbi, alikuwa amesimama pale uwanjani saa nzima kabla ya kuja kwangu. Akaketi kwenye kiti cha wateja, akafungua kalamu. "Mama, wewe ndiye wa karibu zaidi. Nakuandika wa kwanza. Unapumua nini?"

Nikamwambia napumua hewa kama watu wengine. Akasubiri. Nikamwambia mimi niko imara. Akasubiri tu, na nafasi kwenye fomu ilikuwa tupu, na jina langu lilikuwa limeshaandikwa. Mwanangu, fomu hiyo ni mbaya sana. Haina mahali pa kujificha. Nani kaitunga?

Nikamwambia andika: anakohoa. Toka mwezi wa nne. Hajaenda hospi... nikamwambia futa hapo, andika: ataenda hospitali Jumatatu.

Ndiyo jibu lako la Mei. Jumatatu nilikwenda. Kifua kina hasira lakini hakijaoza. Nimepewa dawa, nimeambiwa nikae mbali na moshi, nikamwambia daktari, "Mimi nimekaa hapa miaka ishirini na sita, mwambie moshi." Malori sasa yanazimwa na yanaingia baada ya watoto kuvuka. Kuhusu kuihamisha stendi bado wanabishana, na mimi nipo hapa kwa ajili hiyo hiyo.

Kitambaa cha leo kimo humu. Ni cha rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Tunaenda, polepole.

Na wewe kaka yangu, ambaye najua gundi mpya haijakushinda: nimekuachia mistari miwili hapa chini. Andika wazi kama mtu mzima.

Shangazi yako

(Asante, dada. Kidole, safari hii amesema kweli yote, ila Jumatatu ilibidi tumbebe na kiti chake, maana alikataa kuondoka bila cherehani. — Baba)